Kugeuza Mwelekeo wa Mota: Swichi Iombe, Maikrokontrola Iamue

Mota ya umeme wa DC yenye sumaku za kudumu ina nyaya mbili tu, na kila aliyewahi kuishika pamoja na betri anajua kwamba nyaya hizo zikibadilishana mahali, mota huzunguka upande wa pili. Sababu ni kwamba nguvu inayoisukuma koili ndani ya mota hutegemea mambo mawili, yaani mwelekeo wa uga wa sumaku na mwelekeo wa mkondo wa umeme unaopita kwenye koili. Kwa kuwa sumaku zimebandikwa kwenye ganda na hazibadiliki, ukiugeuza mkondo umeigeuza nguvu. Hadi hapo hakuna ugumu wowote. Ugumu huanza pale mota inapokuwa tayari imeshika kasi na mtu akataka irudi nyuma papo hapo. Ni kipindi hicho kifupi, kilicho kati ya kwenda mbele na kurudi nyuma, ambacho huunguza swichi, huyeyusha ncha za rilei (swichi inayosukumwa na sumaku ya umeme) na kuua transista (swichi ya umeme isiyo na sehemu inayosogea), na kwa maoni yangu ndicho kinachoifanya maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo iliyo ndani ya chipu moja, istahili kuwekwa kwenye kazi ambayo swichi peke yake ingeweza kuifanya.

Kazi ninayoichukua kuwa mfano ni mlango wa banda la kuku: ubao wa plaiwudi unaopanda na kushuka ndani ya reli mbili za mbao, ukivutwa na mota ya kioo cha gari. Mota hizi za volti 12 hupatikana kwa wauzaji wa vipuri vilivyotumika, kama wale wa Gerezani jijini Dar es Salaam au wa Kirinyaga Road jijini Nairobi, na zinafaa kwa sababu mbili. Ya kwanza, zimeundwa tangu mwanzo kuzunguka pande zote mbili. Ya pili, ndani yake mna gia yenye umbo la skrubu inayosukuma gia ya duara, na kwa kawaida gia ya aina hiyo haikubali kurudishwa nyuma na uzito wa mzigo. Ndiyo maana kioo cha gari hakidondoki umeme unapokatika, na ndiyo maana mlango wa banda utabaki juu asubuhi bila kula umeme wowote. Mota ya waipa, ambayo wengi huikimbilia kwanza kwa sababu ina nguvu, huleta tabu hapa, kwa kuwa katika nyingi kati yake upande mmoja wa umeme umeunganishwa na ganda lenyewe la chuma, na ukigeuza nyaya bila kulitenga ganda hilo na bodi ya gari au fremu ya chuma unapata shoti. Vilevile msomaji asijaribu kuzihamishia kanuni hizi kwenye mota ya blenda au ya drili ya umeme wa nyumbani, kwa sababu humo uga wa sumaku nao hutengenezwa na koili iliyo kwenye njia ileile ya mkondo, hivyo ukigeuza nyaya za nje vyote viwili hugeuka pamoja na mota huendelea kuzunguka upande uleule.

Njia ya zamani ya kugeuza mota ni swichi ya pini sita, ambayo kwa ndani ni swichi mbili zinazosogezwa na mkono mmoja. Nyaya za mota hufungwa kwenye pini mbili za katikati, nyaya za betri kwenye pini mbili za upande mmoja, kisha vipande viwili vya waya huvushwa kwa mshazari kutoka pini hizo za betri hadi pini mbili za upande wa pili, ili chanya na hasi zipishane. Ukinunua ile yenye nafasi tatu, ya katikati ikiwa ni ya kuzima, una kifaa kamili cha kupandisha, kusimamisha na kushusha, tena bila programu wala bodi. Siidharau hata kidogo. Kwa mota ndogo ya kuchezea, inayokula chini ya ampea moja, sioni haja ya kuongeza kitu kingine.

Lakini mota ya kioo cha gari si ya kuchezea, na hapa inafaa kupiga hesabu badala ya kukisia. Tuseme ukinzani wa mota, pamoja na brashi zake (vipande vinavyopeleka umeme kwenye koili inayozunguka), ni omu 0.6. Ukiiwashia volti 12 ikiwa imesimama au imekwama, mkondo ni 12 kugawanya kwa 0.6, yaani ampea 20. Inapoanza kuzunguka mkondo hushuka, kwa sababu koili zinazokatiza uga wa sumaku huzalisha volti zao zenyewe zinazopingana na za betri. Kama mota inatembea na mzigo wake kwa ampea 4, basi ndani ya ukinzani hupotea volti 2.4 tu, na zilizobaki, volti 9.6, ndizo zinazopingwa na mota yenyewe. Sasa mtu anasukuma swichi kutoka mbele hadi nyuma bila kusita. Betri imegeuka, ila mota bado inazunguka kama mwanzo, kwa hiyo zile volti 9.6 ambazo zilikuwa zikiipinga betri sasa zinaisaidia: 12 kujumlisha 9.6 ni 21.6, ukigawanya kwa 0.6 unapata ampea 36. Ni karibu mara mbili ya mkondo wa mota iliyokwama, na mara tisa ya ule wa kawaida. Wakati huohuo ncha za swichi zinaachana zikiwa na cheche kati yake, na cheche hiyo ikidumu hadi upande wa pili ukaguswa, betri yenyewe hupata njia ya mkato kupitia ndani ya swichi. Namba za ampea zilizochapwa ubavuni mwa swichi nyingi za bei nafuu ni za umeme wa AC, ambao hupita kwenye sifuri mara mia moja kwa sekunde katika mfumo wetu wa hezi 50 na hivyo kuizima cheche. Umeme wa betri hauna sifuri ya namna hiyo.

Ukinzani wa mota yako usiupime kwa kugusisha mita moja kwa moja, kwa sababu mita za kawaida hazisomi vizuri chini ya omu moja, na ukinzani wa nyaya za mita huingia kwenye jibu. Njia ninayoipendekeza ni hii: funga balbu ya breki ya gari, ile ya wati 21, kwenye mstari mmoja na mota na betri. Balbu itaruhusu kitu kama ampea moja na nusu hivi na kuizuia mota isipate nguvu. Ikijaribu kuzunguka, ishike kwa koleo. Soma mkondo kwa mita iliyowekwa kwenye kipimo cha ampea 10, kisha soma volti zilizopo kwenye nyaya mbili za mota tu, halafu gawanya volti kwa ampea. Geuza mhimili kidogo kwa mkono na urudie, kwa kuwa brashi hukaa mahali tofauti na majibu hutofautiana. Chukua lile dogo kuliko yote, maana ndilo linaloleta mkondo mkubwa kuliko wote. Mtu akishapata namba yake mwenyewe, ataamua ukubwa wa fyuzi, wa waya na wa rilei kwa kujua.

Kutokana na hesabu hiyo msimamo wangu ni kwamba swichi isibebe kabisa mkondo wa mota. Kazi yake iwe kutoa ombi, na kuamua kubaki kwa programu. Swichi ya pini tatu yenye nafasi tatu inatosha: pini ya katikati inaunganishwa na hasi, na mbili za pembeni zinakwenda kwenye pini mbili za maikrokontrola, kwa mfano pini namba 2 na 3 za Arduino Uno (bodi iliyo tayari yenye maikrokontrola), huku rezista za ndani (vipinga mkondo) zinazovuta kuelekea volti 5 zikiwa zimewashwa katika programu. Pini isiyoguswa husomeka juu, na iliyochaguliwa husomeka chini. Mpangilio huu una faida ambayo wengi hawaitumii: swichi nzima haiwezi kuzishusha pini zote mbili kwa pamoja, kwa hiyo programu ikiziona zote ziko chini ijue kuwa waya umechubuka au maji yameingia, na isimamishe kila kitu. Rezista za ndani za ATmega328P, ambayo ndiyo maikrokontrola ya Uno, zina kati ya kiloomu 20 na 50, na kwa waya mrefu unaotoka nyumbani hadi bandani huo ni mvuto dhaifu mno. Ongeza kwa nje rezista ya kiloomu 1 kwenda volti 5, na kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme) ya nanofaradi 100 kutoka pini hadi hasi, karibu kabisa na bodi.

Ncha za swichi hurukaruka zinapogusana, kwa milisekunde chache, na maikrokontrola inayofanya kazi kwa megahezi 16 huuona kila mruko kana kwamba ni ombi jipya. Dawa yake ni nyepesi: soma swichi kila baada ya milisekunde 5, na usilikubali jibu mpaka usomaji sita mfululizo uwe umefanana. Milisekunde 30 hazionekani kwa binadamu.

Kuhusu kifaa cha kubeba mkondo wenyewe, wanafunzi wengi huanza na bodi nyekundu ya L298N, na sioni ubaya kwa mota ndogo. Ni daraja la H, yaani transista nne zilizopangwa ili mbili za mshazari zipitishe mkondo upande mmoja na mbili nyingine upande wa pili. Ila L298N imejengwa kwa transista za aina ya zamani, ambazo zikipitisha ampea moja humeza takriban volti 2 kati ya zile ulizozikusudia kwa mota, na mwisho wake ni ampea 2 kwa kila upande. Kwa mota iliyohesabiwa kula ampea 20 ikikwama haifai kabisa. Bodi za BTS7960, ambazo nazo ni daraja la H, huuzwa kwa maandishi ya ampea 43, na wanunuzi hudhani hizo ni za kutumia mchana kutwa, kumbe ni kiwango ambacho chipu yenyewe huanza kujizuia. Bodi ndogo yenye bati dogo la kupozea haibebi hizo kwa muda mrefu. Kwa mlango unaotembea sekunde chache asubuhi na chache jioni ingefaa, lakini mimi nachagua rilei mbili za gari za pini tano, na sababu yangu ni ya kiusalama zaidi kuliko ya bei.

Rilei hizo zina namba zilezile karibu kila mahali: 85 na 86 ni koili, 30 ni ncha inayohama, 87 ni inapohamia koili ikipata umeme, na 87a ni inapokaa koili ikiwa imelala. Waya mmoja wa mota unakwenda kwenye 30 ya rilei ya kwanza, na mwingine kwenye 30 ya rilei ya pili. Pini 87 za zote mbili zinakwenda kwenye chanya ya betri kupitia fyuzi, na 87a zote mbili kwenye hasi. Rilei ya kwanza ikiamka, mota inapanda. Ya pili ikiamka, inashuka. Zikilala zote, nyaya za mota zimeunganishwa pamoja kwenye hasi, na mota inayozunguka hujigeuza jenereta iliyopigwa shoti, hivyo hujifunga breki yenyewe. Na kama programu ikiharibika kiasi cha kuziamsha zote mbili kwa pamoja, nyaya zote za mota huenda kwenye chanya, na hiyo nayo ni breki tu. Hakuna hali hata moja kati ya hizo nne inayoipiga betri shoti. Daraja la H la transista nne zilizofungwa moja moja halina kinga hiyo, kwani mbili za upande mmoja zikipitisha mkondo kwa pamoja, betri imekutana na hasi yake uso kwa uso. Swichi za vioo za magari mengi zimepangwa kwa mtindo huuhuu wa nyaya zote mbili kupumzika kwenye hasi.

Koili ya rilei ya gari hula karibu milliampea 150, ilhali pini ya ATmega328P haipaswi kupitisha zaidi ya 20 kwa kazi ya kawaida, na 40 ndiyo mwisho wa uhai wake. Kati yao iwekwe transista, kama 2N2222, yenye rezista ya omu 330 kwenye mguu wake wa kuamrisha, ambapo itavuta takriban milliampea 13 kutoka kwenye pini. Sambamba na koili iwekwe dayodi (kifaa kinachopitisha mkondo upande mmoja tu) ya 1N4007, upande wenye mstari ukielekea chanya, ili kuunyonya msukumo wa volti unaozuka koili inapokatiwa umeme. Dayodi hiyo huichelewesha rilei kuachia kwa milisekunde kadhaa, na programu inapaswa kuliweka jambo hilo hesabuni.

Programu yenyewe naiandika kwa hali nne: imesimama, inapanda, inashuka na inasubiri. Kanuni iliyo kubwa kuliko nyingine ni kwamba hakuna njia ya kutoka inapanda kwenda inashuka, wala kinyume chake, isipokuwa kwa kupitia inasubiri, kama dereva asivyotia rivasi gari likiwa bado linakwenda mbele. Ombi likibadilika, rilei zote zinalazwa, saa ya ndani inaandikwa, na programu inaendelea kuzunguka ikisoma swichi bila kusinzia kwenye amri ya kuchelewesha. Nusu sekunde inatosha kwa mota hii, kwa kuwa breki yake ni kali: volti 9.6 kwa omu 0.6 ni ampea 16 mwanzoni, zinazopungua haraka kadiri kasi inavyopungua. Ampea hizo zinapita kwenye 87a, ambayo katika rilei nyingi ina kiwango kidogo kuliko 87; soma maandishi yaliyo juu ya ganda kabla ya kununua. Mtu akirudisha swichi alikoitoa kabla ya nusu sekunde kwisha, basi muda na uishe kwanza, hata kama upande unaotakiwa ni uleule wa awali. Kusubiri bila sababu hakumdhuru yeyote, na masharti ya ziada kwenye programu ndiyo hujificha ndani yake kosa.

Mwisho wa safari ya mlango usiachiwe programu peke yake. Swichi ya kikomo iwekwe juu na nyingine chini, zikiwa za aina inayokata inapobonyezwa, kwenye njia yenyewe ya mkondo wa mota, na kila moja iwe na dayodi sambamba nayo inayoruhusu mkondo wa kurudi tu. Mlango ukifika juu, swichi inakata mkondo wa kupandisha, lakini dayodi inapitisha ule wa kushusha. Dayodi hizo zinapaswa kuhimili mkondo wa mota inapoanza, kwa hiyo 1N4007, ambayo ni ya ampea moja, itaungua; tafuta za ampea 20 au zaidi. Swichi za kikomo nazo ziwe za kuhimili ampea hizo, hivyo vidude vidogo vinavyong'olewa kwenye mausi ya kompyuta havifai. Pamoja na hayo programu iwe na muda wa mwisho: mlango unaochukua sekunde 6 ukizidi 9, mota ikatwe, kwa sababu kamba imechomoka au kuku amekaa chini ya ubao. Kwa ajili ya kuku huyo nashauri pia kuweka kipima mkondo cha ACS712, kile cha ampea 20, kinachotoa volti 2.5 pasipo mkondo na kupanda au kushuka kwa milivolti 100 kwa kila ampea. Programu isikijali kwa milisekunde 200 za mwanzo, mota inapovuta mkondo wa kuanzia. Baada ya hapo mkondo ukizidi ule wa kawaida mara mbili wakati wa kushuka, mlango usimame, usubiri, na upande.

Kuna kipindi ambacho programu haipo kazini kabisa, nacho ni bodi inapowashwa. Pini zote huwa hazishiki upande wowote mpaka programu ianze, na kwenye Uno programu ya kupokelea msimbo hutangulia kwanza. Rezista ya kiloomu 10 kutoka mguu wa kuamrisha wa kila transista kwenda hasi huzilaza rilei wakati huo. Na bodi isipate umeme wake moja kwa moja kwenye waya uleule wa mota, kwa kuwa ampea 20 za kuanzia huzishusha volti za betri iliyochoka kiasi cha kuizima na kuiwasha upya maikrokontrola, ambayo itaamsha tena rilei, ikazimika tena, na kuendelea hivyo. Dayodi moja ikifuatwa na kapasita ya mikrofaradi 1000 kabla ya kipunguza volti cha bodi huivusha. Hasi ya bodi na hasi ya betri lazima zikutane, lakini zikutanie kwenye nguzo ya betri, ili mkondo wa mota usipite kwenye waya wa hasi wa bodi.

Anayetaka kwenda mbele zaidi aongeze MOSFET moja (transista inayoamrishwa kwa volti), kama IRLZ44N, kati ya zile 87a mbili na hasi ya betri, pamoja na dayodi yenye uwezo kutoka kwenye kiungo hicho kwenda chanya. Breki inabaki palepale, kwa kuwa nyaya za mota bado zinakutana kwenye 87a. Kinachobadilika ni mpangilio wa amri: kwanza MOSFET inazimwa na mkondo unakufa, kisha rilei zinalala, muda unapita, rilei ya upande mpya inaamka ikiwa haina mkondo wowote, na baada ya milisekunde 20 MOSFET inaanza kufunguliwa taratibu kwa kukatakata umeme, kutoka robo hadi kamili katika nusu sekunde. Mota italia kidogo kwa sauti nyembamba ya hezi 490, ambayo ndiyo kasi ya Uno ya kukatakata katika pini zake nyingi, na ncha za rilei hazitaanzisha wala kukatisha tena mkondo wa betri; kilichobaki kwao ni mkondo wa breki peke yake.